Jina la Kushikia Nafasi

Jumatatu ile mtoto alikataa ziwa. Auleria hakulitia maanani, maana mtoto wa miezi saba anayeota meno ana vituko vyake. Akamweka begani, akampigapiga mgongoni, akajaribu tena. Adelard akageuza uso taratibu, akautazama ukuta, akakaa hivyo hadi mama alipofunga blauzi yake. Hakulia. Hilo ndilo lililomshangaza, kwa sababu mtoto huyo alikuwa na sauti ya kuamsha Temeke nzima.

Halafu kulikuwa na harufu ya udi. Nyumbani kwao, Wakatoliki wa Bukoba, chetezo hakikuwamo hata cha kuazima. Auleria akadhani ni Bi Mwanabaraka, jirani wa ukuta mmoja, anafukiza nguo zake.

"Mie?" Bi Mwanabaraka akacheka mlangoni. "Udi uliniishia tangu arusi ya Zuena." Akavuta pumzi puani, kicheko kikakatika. "Lakini huu si wa nguo, mwanangu. Wa nguo nnaujua."

Sasa niwaambie kazi ya mumewe, maana balaa lilitoka huko. Revelian alikuwa mhariri msaidizi katika kiwanda kimoja cha chapa mjini, enzi za Mwingereza, na walikuwa wakitengeneza kitabu kinene cha maarifa ya nchi kwa ajili ya shule. Fungu lake lilikuwa la watawala. Wiki iliyotangulia alikuwa na makala ya Ofisi ya Diwani wa Msangatini, mji mdogo kusini ya Kimbiji ambao kabla ya Mjerumani ulikuwa na serikali yake wenyewe, na diwani ndiye alikuwa mkuu wa serikali hiyo. Habari zote alizipata kwa Mwinjuma, mganga wa Kimbiji, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa akiwasimika madiwani. Mwinjuma alieleza mengi, na mwisho akasema, "Ukifika kwa diwani wa mwisho, weka kalamu chini. Usiongeze neno."

Revelian akaitikia "Ndiyo, mzee," kama watu wa maofisini wanavyoitikia, akaenda zake. Kitabu kilikuwa na mtindo: kila makala ya cheo iishie na mstari wa "Mwenye cheo sasa". Alikuwa amemwandikia bwana wilaya kuuliza kama cheo hicho kipo bado, na jibu lilikuwa halijaja. Mstari hauachwi mtupu, kwa sababu mpanga herufi akikuta pengo huliziba, na ukurasa mzima unapanda juu. Basi wahariri walikuwa na desturi ya kutia jina lolote lishikie nafasi, kisha linatolewa kabla ya kuchapa. Mwenzake mmoja alikuwa akitia jina la mbwa wake. Revelian alitia la mwanawe, kwa kuwa alipenda kuliona limepangwa kwa herufi za madini ya risasi. Mtoto wa kwanza huyo, na baba alikuwa hajamaliza kumshangaa.

Kisha wakasoma. Kiwandani pale kila makala ilisomwa kwa sauti mara tatu, mhariri akitamka na mpanga herufi akifuatisha kwa kidole na kuitikia. Kwa hiyo asubuhi ya Ijumaa iliyotangulia Jumatatu ile, Revelian alitamka mara tatu, kwa sauti yake nzito ya kwaya, "Diwani wa Msangatini. Mwenye cheo sasa: Adelard Revelian." Na Gregori, mpanga herufi, akaitikia mara tatu, "Sawa."

Jamani! Hivyo hivyo ndivyo diwani wa Msangatini alivyosimikwa: jina hutamkwa mara tatu, shahidi huitikia. Jambo hilo lilikuwamo kwenye makala yenyewe, ukurasa wa pili, na Revelian mwenyewe ndiye aliyelisahihishia nukta. Lakini alikuwa akitazama nukta.

Jumatano mtoto alikuwa hajanyonya tone. Hospitali hawakuona homa wala kidonda. Revelian akarudi nyumbani mchana kuwaangalia, jua likiwa utosini na mtaa umenyamaza kabisa, na hata kabla hajaegemeza baiskeli akasikia ndani viatu vya mti vikitembea polepole kwenye sakafu, ko, ko, ko, vikaenda hadi chumbani na kusimama.

"Nani yuko ndani?" aliuliza.

"Sisi tu," Auleria alijibu kwa sauti ya chini. Alikuwa amejibanza pembeni ya kabati, mikono kifuani. "Baba Adelard, usipige kelele. Mtazame mwanao."

Adelard alikuwa kwenye kiti cha baba yake, amekaa wima bila kuegemea, yeye ambaye wiki iliyopita alikuwa akidondoka kila akikalishwa, mikono miwili juu ya mapaja, na Revelian alipomnyanyua na kumshusha sakafuni mtoto aliikunja miguu akaikataa ardhi, akamtazama baba, akamtazama mama, kama mtu anavyowatazama wapita njia asiowajua, na harufu ya udi ikazidi hadi macho yakawasha, na nyuma ya kiti, mahali ambapo hapakuwa na mtu, mtu mzima akakohoa.

Auleria akaziba mdomo kwa kanga. Revelian akamrudisha mtoto kitini. Alikumbuka aya aliyoifuta kwenye makala ile kwa kuiona ndefu na ya kishirikina: diwani hakanyagi chini kwa mguu mtupu, diwani halii, diwani hali mbele ya mwanamke. Na jini la kiti husimama nyuma yake kuona kwamba miiko inafuatwa. Mtoto wa miezi saba atanyonya wapi, kama si mbele ya mwanamke? Akaelewa kwamba mwanawe atakufa kwa njaa, na kwamba ni yeye aliyemweka hapo.

Alikanyaga baiskeli hadi kiwandani, akamweleza Gregori yote, naye akazing'oa zile herufi moja moja. Haikusaidia kitu. Kesho yake mtoto alikuwa amelegea shingo, midomo imepauka, na bado hakulia. Kondo, mume wa Bi Mwanabaraka, akaenda Kimbiji kumleta Mwinjuma.

Mganga alifika Ijumaa asubuhi. Hakufungua mkoba wake. Alisimama kizingitini, akavua kofia, akakiinamia kiti, kisha akamvuta Revelian uani.

"Nilikwambia uweke kalamu chini."

"Nimelitoa jina, mzee. Halimo tena."

"Karatasi ni yenu. Yeye asimamaye nyuma ya kiti alisikia sauti, na shahidi akaitikia." Mwinjuma alinong'ona, jicho likiwa mlangoni. "Tangu Mjerumani alipokivunja cheo, kiti kilikuwa kimelala. Mmekiamsha. Huyu hafukuziki, Bwana Revelian, nisikudanganye nikala kuku wako bure. Mtu tu ndiye hubadilishwa. Tamkeni jina lingine, kwa namna ile ile, la mtu aliye hai."

"Likishatamkwa, mwenye jina anakuwaje?"

"Mtu mzima hafi. Atajitilia chakula mwenyewe, atatembea. Lakini mwenye kiti hana mke wala mtoto. Waliokikalia wote waliwasahau wa kwao. Wala hawakukumbuka tena."

Revelian akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Yalimpitia majina, tusimsingizie utakatifu: la Gregori, la bwana mkubwa wa kiwanda, la mwenzake mwenye mbwa. Kila mmoja alikuwa na watu wake. Ndani Auleria alikuwa akimwimbia mtoto wimbo wa Kihaya kwa sauti iliyokauka, akimsihi anyonye. Revelian akainuka, akaenda mlangoni, akamtazama mkewe na mwanawe kwa muda mrefu.

"Nakwenda kazini mara moja," alimwambia.

"Leo? Unatuacha na hiki kitu?"

"Nakwenda kukiondoa, Mama Adelard. Nisamehe."

Kiwandani Gregori aliusoma mstari mpya akausukuma mbali. "Hili jina lako! Bwana Revelian, mie siitikii."

"Mwanangu anakufa, Gregori. Itikia."

Wakasoma. Mara ya kwanza Gregori akasema "Sawa", machozi yakimtoka. Mara ya pili alisema kwa shida. Mara ya tatu alishindwa kabisa, midomo ikicheza bila sauti, mitambo yote ikiwa imezimwa kwa sala ya Ijumaa na wao wawili tu katika jengo zima, na katika ukimya huo, nyuma ya bega la Revelian, sauti nzito ya mtu asiyekuwapo ikaitikia badala yake, "Sawa."

Alirudi mbio, na njia nzima alilitaja jina la mwanawe kwa sauti, asilipoteze. Adelard, Adelard, Adelard. Watu wa Keko walimtazama kama mwehu. Mama yake ni Auleria, mwanangu ni Adelard. Alipofika Chang'ombe lori likampita karibu, akayumba, akajikuta ameshika usukani na kimya mdomoni. Alijua kulikuwa na neno. Akalitafuta, akalikosa, akaendelea kukanyaga.

Temeke alisikia mtoto akilia kwa nguvu, kisha akinyamaza ghafla kama anayezibwa mdomo na maziwa. Mwanamke mmoja mzee akapiga vigelegele. Revelian akasimamisha baiskeli, akachungulia mlangoni. Mwanamke kijana alikuwa ananyonyesha huku analia na kucheka, na mzee mmoja mwenye kofia mkononi alikuwa amekaa karibu naye, ameinamisha kichwa.

"Hamjambo humu," Revelian alisema kwa adabu. "Nimesikia mtoto analia, nikaona nipite kuuliza. Hajambo?"

Auleria akainua uso uliojaa furaha. "Baba Adelard! Njoo, njoo uone anavyovuta!"

Revelian akageuka nyuma, kumtazama huyo Baba Adelard anayeitwa.