Isale Mfukoni mwa Vedastus

Mwili ulilala kando ya gari, spana bado mkononi. Jeki ilikuwa imeinua gurudumu la nyuma nusu tu. Hatua sitini mbele, kwenye kivuli cha mgunga, simba jike watatu walijinyoosha wakitazama.

"Tumewafukuza mara mbili," alisema askari wa hifadhi. "Wanarudi. Lakini afande, hapa kuna la kupeleleza kweli? Muuaji si yule pale?"

"Nataka kujua kwa nini alishuka," alijibu Inspekta Eunike.

Marehemu alikuwa Vedastus, dereva wa watalii, mwenyeji wa Marangu. Eunike alimpekua. Mfuko wa shati ulikuwa na jani moja refu, bichi, limefungwa fundo. Isale. Eunike, Mchagga mzaliwa wa Uru, hakuhitaji kuelezwa: Mchagga akiletewa jani hilo, hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

Abiria wa Vedastus, mwalimu Monica wa Moshi, alikuwa amekuja kuona simba kwa mara ya kwanza maishani.

"Tulipata pancha," alisema. "Alikataa kushuka. Alisema dereva hashuki mpaka mwenzake azunguke gari na kumwambia kuko salama. Akaita kwa redio."

"Mwenzake alikuja?"

"Alikuja. Alituzunguka. Redio ikasema, 'Shuka, kaka, hakuna kitu.' Akaondoka."

Eunike alifuata alama za matairi. Zilipita hatua tatu tu kutoka kwenye punda milia aliyeliwa nusu. Nyasi zilikuwa zimelaliwa pande zote. Alipoinua uso, simba mmoja alikuwa amesimama, anamtazama. Hakunguruma. Alimtazama tu, mpaka Eunike akarudi garini kinyumenyume.

Siku mbili baadaye alikwenda Marangu. Mjane, Aika, alikuwa ananyonyesha.

"Shikamoo zenu na pole zenu nimezisikia," Aika alisema. "Lakini huko sokoni wanasema alikuwa amelewa. Huyu mtoto atakuja kuulizwa shuleni. Mimi nitamjibu nini?"

"Isale alikuwa anampelekea nani, mama?"

"Hakusema. Alilikata alfajiri nyuma ya nyumba, akasema leo lazima lifike." Alimhamisha mtoto upande wa pili. "Aliyekuwa na kinyongo naye ni Onesphory tu. Wanafanya kazi kampuni moja. Mdogo wake Onesphory alifia mlimani."

Mchana ule Onesphory aliketi mbele ya Eunike, kituoni Moshi.

"Juzi saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mtoni, afande. Wageni walitaka viboko."

"Hukumwona Vedastus?"

"Hata kidogo."

"Tairi lako la mbele lina mkato. Alama ya mkato huohuo imelizunguka gari la Vedastus."

"Haya, nilizunguka. Simba sikuwaona."

"Miaka kumi na mbili unawatafutia wageni simba. Watatu wanakula hatua tatu kutoka mlango wa gari lako, usiwaone?"

"Nyasi ndefu, afande."

Eunike aliweka mezani bahasha ya kielelezo. Jani lilionekana ndani, limeanza kunyauka.

"Lilikuwa mfukoni mwake."

Onesphory aliondoa mikono mezani upesi, kama aliyeona moto.

"Ni langu hilo," alinong'ona.

Ndipo yote yakatoka. Miaka mitatu nyuma, Vedastus alikuwa kiongozi wa msafara mlimani, Julius mpagazi wake. Julius alianza kutapika na kuyumba. Vedastus alimkalisha kwenye jiwe, akamwambia asubiri, akawapeleka wageni kileleni.

"Aliporudi mdogo wangu alikuwa ameganda. Hata msibani hakuja. Juzi alipoita kwa redio nilikwenda kumsaidia, afande, naapa. Nikawaona. Mmoja akainua kichwa, akanitazama. Nikamkumbuka Julius kwenye lile jiwe, anasubiri. Nikasema shuka."

"Na kama jani hili lingekufikia?"

"Ningelipokea. Ningefanya nini?" Machozi yalimshuka. "Usiku, yule simba bado ananitazama."

Jioni Eunike alirudi Marangu, akamweleza Aika kila kitu. Aika alisikiliza mpaka mwisho, mtoto begani.

"Niandikie," alisema.

Eunike alichana karatasi kwenye daftari lake, akaandika, akasoma kwa sauti: "Vedastus hakuwa amelewa. Alishuka kwa sababu alimwamini mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kumwomba msamaha."

Aika aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto.