Sabuni Isiyotoa Povu

Kiwavi alilipiga teke lango la stoo. Mara moja tu, likaachia.

Saa tatu na dakika thelathini na tano asubuhi. Bastola mkononi, Beretta, risasi chemba.

Ndani hamna kitu. Madumu mia mbili aliyoyafuatilia tangu mpakani yalikuwa yameondoka. Limebaki moja pembeni, la njano, limeandikwa SABUNI YA MAJI. Alivaa glavu, akalitikisa kwa nguvu zake zote, akafungua kifuniko.

Povu hata chembe.

Alichomoa karatasi ya kupimia iliyojificha kwenye mkanda wa saa yake ya Casio, akaichovya ncha. Kabla hajahesabu tatu ikawa nyekundu.

Sumu ya wadudu. Ile iliyopigwa marufuku, ambayo huhitaji hata kuinywa. Inapita kwenye ngozi.

Mlangoni nyuma yake, mlinzi wa stoo alikuwa ameshanyoosha mikono juu bila kuambiwa.

"Mzigo umeenda wapi?"

"Kwa akina mama wa mwarobaini, kaka. Kule nyuma ya mashine ya kusaga. Saa nne wana maonyesho. Yule Mtaalamu wa kampuni ya dawa za wadudu kawapa sabuni bure, ya kuchanganyia dawa."

Kazini walimbatiza Kiwavi kwa sababu akishaingia kwenye jani hatoki mpaka alimalize. Miaka tisa ya ujasusi, hajawahi kuacha jani nusu.

Mwenyekiti wa akina mama wale ni mama yake mzazi.

Alikua akiiona kazi yao. Mbegu za mwarobaini zinatwangwa, zinalowekwa, kesho yake maji yanachujwa na kukorogwa na sabuni kidogo ili dawa ya wadudu ing'ang'anie kwenye majani ya mazao. Na mama yake hakorogi kwa mti. Anakunja mkono wa gauni, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Anasema mti hauna vidole, utajuaje kama sabuni imeshika? Miaka kumi na moja anakoroga hivyo na hajatokwa hata na kipele.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Bila shaka ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba umetundikwa kwenye msumari.

Kifaa cha sikioni kikakoroma. "Kiwavi, unanipata?"

"Nakupata, Mkuu. Sabuni ni sumu. Iko kwa akina mama. Naenda kuwazuia."

"Hapana. Mtaalamu atakutana na bosi wake saa sita. Tunataka picha zao wakiwa pamoja. Mwache amalize maonyesho."

"Kuna watu watashika hiyo kitu kwa mikono mitupu!"

"Tutawawahisha hospitali. Hiyo ni amri."

"Anayekoroga ni mama yangu."

"Amri haijabadilika."

Kiwavi alikichomoa kifaa sikioni, akakitupa sakafuni na kukikanyaga kwa kisigino. Tutawawahisha hospitali! Kana kwamba wanazungumzia mzigo wa viazi.

Pikipiki yake ya Yamaha iliunguruma. Dakika kumi na nane za barabara aliziendesha kwa kumi na moja.

Kwenye banda la akina mama, pipa la bluu lilikuwa katikati. Wanawake thelathini wamelizunguka, wapiga picha wawili wa televisheni wamesimama juu ya viti. Kando, beseni la pilipili kavu iliyosagwa, dawa ya vidukari. Mtaalamu, koti jeupe, glavu nene mpaka karibu na kiwiko, alikuwa anamimina dumu la njano; mengine yamepangwa nyuma yake.

"Karibu, mama mwenyekiti," alisema, meno yote nje. "Tuonyeshe ufundi wako."

Mama alikunja mkono wa gauni. Akainama.

"Mama! Usiguse!"

Vidole vyake vilisimama shubiri moja juu ya maji.

"We! Si uliniaga unakwenda kuuza mafriji? Na salamu umeziacha huko huko?"

"Shikamoo, mama. Rudi nyuma."

"Marahaba." Alirudi nyuma, macho yakimtoka.

Kiwavi alimfuata Mtaalamu mpaka wakakaribia kugusana pua. "Hii uliyowaletea ni nini?"

"Sabuni. Kila mtu anajua."

"Sawa. Vua glavu, unawe."

Wapiga picha wakamgeuzia kamera.

"Kijana, sina muda wa..."

"Nawa! Wao umewaambia wazamishe mkono mzima. Wewe nawa viganja tu."

Mtaalamu alitazama kamera. Akatazama dumu. Jasho likamtoka, na glavu hakuvua. Hapo akina mama wote wakaelewa, na mmoja akaanza kumtukana kwa sauti.

Mkono wa Mtaalamu ukaingia ndani ya koti. Ukatoka na bastola.

Kiwavi hakufyatua, watu walikuwa wengi mno. Alichota pilipili kwenye beseni, akamrushia machoni konzi nzima. Mtaalamu alipiga yowe. Risasi ikatoboa bati. Kiwiko cha shingo, goti la tumbo, akawa chini. Pingu zikalia.

"Ulitaka waanguke mbele ya kamera," Kiwavi alisema, goti likiwa mgongoni mwake. "Ili kesho mwarobaini upigwe marufuku, halafu kampuni yenu ije na makopo yake kama mkombozi. Mama zetu ndio tangazo lenu! Huna haya?"

"Ni biashara tu," Mtaalamu alikoroma, kamasi zikimchuruzika.

Ilibidi wanawake wanne wamshike Kiwavi mkono.

Polisi walipombeba Mtaalamu na kulizungushia pipa utepe, mama alileta ndoo ya maji safi na kipande cha sabuni ya kufulia. Akaivuta mikono ya mwanawe iliyojaa pilipili, akaisugua kama ya mtoto. Povu likajaa mpaka kwenye vifundo.

"Kwa hiyo mafriji huuzi."

"Nauza nikipata nafasi."

"Mwongo kama baba yako." Akaimwagia maji ile mikono, povu likaondoka. "Haya, nenda. Tuna kazi hapa."

Simu ilikuwa inaita mfukoni. Mkuu. Kiwavi aliizima, akavaa kofia, akawasha pikipiki bila haraka.

Kwenye kioo cha pembeni aliona akina mama wakibingirisha pipa jingine la maji ya mwarobaini. Mama yake alikitumbukiza kile kipande cha sabuni, akakunja mkono wa gauni, na kuuzamisha mpaka kwenye kiwiko.