Mwanawe Alitibiwa kwa Jina la Mjukuu Wangu!

Nina miaka sitini na mitano. Shule niliishia darasa la nne, baba alisema jembe halina haja ya kujua kusoma. Naishi Mtua, Nachingwea, nalima korosho na ufuta. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Haya ninayoyaandika wazee wa ukoo wamenikataza nisiyaseme. Nayasema!

Namlea mjukuu wangu Somoe, ana miaka minane. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifariki Somoe akiwa bado ananyonya. Baba yake akaoa kwingine, akatusahau kama hatukuwahi kumlisha. Nimemkuza kwa uji na kwa mgongo wangu, na sioni haya kujisifu: kijiji kizima hakuna mtoto mwenye akili kama huyu! Wimbo akiusikia mara moja, jioni anakuimbia wote.

Ila macho...

Alipoingia darasa la pili, mboni zikaanza kutanda weupe. Mwalimu akalalamika kwamba mtoto hasomi ubaoni. Moyo wangu ukashtuka, maana ugonjwa huo tunao kwenye ukoo. Mama yangu mzazi alikufa haoni hata moto wa jikoni kwake.

Nikambeba hadi zahanati. Nesi akammulika kwa tochi, akaniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, anahitaji kupasuliwa. Akasema Ruangwa mjini kuna kliniki ya macho ya mtu binafsi, na wameweka fomu ya rufaa huko kwenye mtandao. Siku hizi hubebi karatasi ukaenda kulala foleni na mgonjwa. Nesi anaijaza fomu kwenye simu palepale, wao kule wanaiona, na daktari bingwa akija wanakupigia uende.

Nilifurahi jamani! Nikasema kumbe mtandao si wa kupigia picha za midomo tu.

Akaandika jina, umri, ugonjwa. Kisha akaniuliza, "Bibi, tuweke namba ya nani ya kupigiwa?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kisimu changu nilikuwa nacho, nimekifunga kwenye pindo la kanga. Lakini kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Akiugua, akichezwa unyago, akiposwa, mjomba ndiye wa kwanza kuambiwa. Binti yangu hakuwa na kaka, kwa hiyo mjomba wa nyumba yetu ni mdogo wangu, Selemani. Anaishi Chinongwe, kwa mke wake. Nikamtajia nesi namba ya Selemani.

Nesi akashangaa. "Bibi, si una simu yako?"

Nikamjibu kwa maringo, "Mwanangu, mjomba harukwi."

Selemani huyo nilimbeba mgongoni. Mama alipopofuka, mimi ndiye niliyempikia, nikamfulia, nikampeleka jandoni. Ningemshukuje?

Tukavuna ufuta, simu kimya. Nikimuuliza ananijibu, "Bado, dada. Mambo ya mtandao hayo, yana foleni yake. Vuta subira." Nikavuta. Wakati huohuo nikasikia mwanawe Zuhura, mkubwa kidogo kwa Somoe, ameng'atwa na nyigu machoni, kafungwa bandeji. Mimi mjinga nikamtumia jogoo, mtoto anywe mchuzi!

Msimu wa korosho ukafika. Somoe alikuwa anaziokota kwa nyayo... Anakanyaga majani polepole, akiisikia korosho chini ya mguu anainama. Watu wa shamba la jirani wakawa wanacheka, wanasema bibi kizee kaleta kuku wa kuparura. Nikawatukana matusi ambayo hapa siwezi kuyaandika.

Siku moja nikamwacha chini ya mkorosho nikaenda kuchota maji. Sikukaa. Nikasikia ukelele! Kumbe aliinama kufuata korosho, kijiti kikavu kilichovunjikia shinani hakukiona. Kilimwingia jicho la kushoto.

Ee Mungu wangu! Damu ilivyokuwa inamtoka yule mtoto... Nesi akamfunga, akasema usirudi hata nyumbani, kimbilia Ruangwa sasa hivi. Sikumpigia mjomba wala nani. Nikaenda na kanga ileile iliyolowa damu.

Pale mapokezi nikamkuta binti mmoja mpole. Akanipa shikamoo, akauliza jina la mgonjwa, akabofya kompyuta yake. Kisha akakunja uso.

"Bibi, huyu Somoe tulishampasua. Mfumo unaonyesha alikuja tangu wakati wa ufuta, macho yote mawili, akaruhusiwa."

Nikamuuliza, "Mfumo ndiye nani?"

"Ni hii kompyuta, bibi."

"Basi mwambie mfumo wako aje amwangalie huyu! Aje anionyeshe alipompasua!"

Watu wote wakageuka. Nikamvuta Somoe mbele, nikampandisha juu ya meza yao, bandeji inavuja. Yule binti alibadilika rangi. Akaita daktari. Daktari akamfungua, akamulika jicho la kulia, weupe ulikuwa palepale, hakuna kisu kilichogusa. Akauliza nani alimleta huyo Somoe wa kwanza.

Binti akakumbuka. Mzee mmoja mrefu, namba yake ya simu ndiyo iliyokuwa kwenye rufaa. Alisema yeye ni mjomba wa ukoo, na bibi wa mtoto ni mgonjwa hawezi kuja. Mtoto alikuwa na kovu la moto shavuni.

Kovu la moto! Zuhura aliangukia jiko la mkaa akiwa anatambaa. Mimi ndiye niliyempaka dawa!

Nyigu gani yule? Jogoo wangu nilimlisha nani?

Daktari aliniomba radhi kwamba hawakumchunguza vizuri aliyemleta. Wakampasua Somoe. Jicho la kulia likafunguka. La kushoto... lilikwishaharibika na kile kijiti. Wakalitoa.

Ndugu msomaji, wewe umeshawahi kumshika mjukuu mkono, anakuuliza, "Bibi, jicho langu lingine watanirudishia lini?" Utamjibu nini?

Tuliporudi, nikaita kikao cha ukoo. Selemani akaja kainamisha kichwa. Akasema walipompigia aambiwe siku, wakamwambia nafasi ni chache na daktari hakai. Wakati anaongea na simu Zuhura, naye kumbe macho yalishatanda weupe uleule, alikuwa mbele yake, anapapasa sahani ya ugali. Akashindwa kujizuia. "Dada, nami nimezaa," akasema. "Yule ni damu yangu."

Nikamjibu, "Damu yako, sikatai. Na ungeniambia, Wallahi tungekwenda na watoto wote wawili, nikalala mlangoni kwa yule daktari mpaka awapasue wote. Wewe hukumwibia adui, Selemani. Umemwibia yatima ambaye ukoo umekupa umlinde! Na kila nilipokuuliza ukaniambia foleni!"

Alilia. Wazee wakanigeukia mimi! Eti nisamehe, nifunike, mjomba ni mjomba, mambo ya ndani yasitoke nje, watu watatucheka. Mmoja akaniambia, "Bibi Somoe, ukilisema hili unaanika ukoo wako juani."

Nikasimama. Nikamwambia, hata korosho usipoianika inaozea ghalani. Ninaanika!

Nikawaambia kuanzia leo mjomba wa Somoe ni mimi. Akichezwa unyago, nitakaa mimi. Mahari ikija, nitaipokea mimi. Wakasema haijawahi kutokea mwanamke awe mjomba. Nikawajibu, na mjomba kumwibia mpwawe macho ilishawahi kutokea? Wakaomba maji ya kunywa.

Zuhura simchukii. Mtoto hana kosa, alipelekwa akaambiwa ukiulizwa jina sema Somoe. Anakuja kwangu, anakula. Baba yake akija, anaishia uani.

Wenzangu, hasa nyie bibi mnaolea yatima, nawasihi. Hiyo fomu ya mtandaoni si mbaya, ni nzuri, imetuondolea foleni. Lakini simu itaita kwa yule mliyemwandika! Andika namba yako, hata kama simu ni ya tochi, hata kama husomi. Heshima ya mjomba mpe kwenye ngoma na kwenye posa. Usimpe macho ya mtoto akuwekee. Na siku zikipita kimya, usivute subira kama mimi. Inuka uende mwenyewe ukaulize!

Somoe amerudi shule, anakaa dawati la mbele. Juzi watoto wakamwita chongo. Akawajibu, "Chongo linalowashinda hesabu!"

Nilicheka mpaka nikalia... Huyo ni mjukuu wangu, na hakuna tena wa kumsemea isipokuwa mimi.