Tufe la Arobaini

Kabla hujaniambia mambo haya hayapo, jua kwamba mimi ni msomi wa kemia. Degree ninayo, joho nilivaa, picha iko ukutani kwa mama. Kazi ndiyo sina. Miaka mitatu nimezunguka na bahasha, kila ofisi inataka experience, na kila dada wa mapokezi ana wimbo uleule: we will get back to you. Hawajarudi hadi leo. Kwa hiyo shangazi yangu aliponiita karakanani kwake nimsaidie kumalizia vioo vya maonyesho, sikuringa.

Shangazi hupuliza matufe ya kioo. Anachovya bomba la chuma kwenye kioo kilichoyeyuka, anapuliza, kioo kinavimba kama shavu. Tufe likishapoa taratibu tanurini, mmaliziaji anaingia kazini: kusaga ukingo wa tundu pale bomba lilipoachia, kupiga msasa wa maji, kuosha, kugundisha kifuniko cha shaba chenye kulabu, kutundika. Alhamisi ile tulitoa matufe yote ya maonyesho asubuhi. Jua limejaa karakanani, redio inaimba, shangazi ananitania kwamba hatimaye ile digrii imepata kitu cha kusaga.

Alikuwa na sharti moja tu. Tufe likitoka tanurini lilazwe kwenye sinia la mchanga, tundu juu, siku mbili nzima, ndipo lifunikwe.

“Ndani mna pumzi yangu, Profesa,” alisema. “Iache itoke yenyewe.”

Nilicheka. Nikamweleza kwamba hewa ya moto hupanuka, hutoka, huingia nyingine. Simple physics, shangazi. Akanitazama vile watu wanavyotutazama sisi tuliosoma tukarudi kulala kwa mama.

Mchana shangazi akaenda kujilaza, kifua kimechoka. Saa kumi mwenye ukumbi wa maonyesho akaja na habari kwamba ufunguzi umeharakishwa, sasa ni kesho yake saa nne asubuhi, maana mgeni rasmi ana safari. Matufe yalikuwa mchangani, bado vuguvugu. Sikumwamsha shangazi. Niliyafunika yote kwa gundi yangu nzuri, nikayapeleka ukumbini, nikayatundika safu nne za kumi kumi. Yakaenea sawasawa. Nikajipongeza.

Kesho yake, chini ya taa kali, tufe moja likaingia ukungu kwa ndani. Unyevu, nilijiambia. Hewa ya vuguvugu imepoa. Ukungu ukaondoka. Ukarudi. Ukaondoka. Halafu la jirani yake. Halafu safu nzima. Mgeni mmoja mwenye miwani akaniuliza betri zimefichwa wapi. Nikamwambia hiyo ni siri ya msanii. Akapiga makofi.

Simu ikaita. Binti wa shangazi. Alisema mama yake tangu alfajiri hapati pumzi, midomo imegeuka rangi, gari la wagonjwa limeitwa na halijafika. Nyuma ya sauti yake nilimsikia shangazi akihema. Nikainua macho.

Kila alipohema, matufe yaliingia ukungu.

“Mpe simu,” nilinong'ona.

Shangazi alihema mara tatu ndipo akapata neno.

“Umeyafunika.” Hakuwa anauliza. “Usivunje. Yakivunjika, ndiyo basi. Pasha gundi moto. Fungua polepole.”

Niliwaambia wageni kuna gesi inavuja. Walikimbia wote, mgeni rasmi mbele. Mwenye ukumbi alibaki mlangoni akiniita mwehu, nami nikampita mbio hadi saluni ya jirani kuazima kikausha nywele. Nikapanda ngazi, simu iko spika mfukoni.

Tufe la kwanza. Gundi ikalegea, kifuniko kikatoka. Kitu cha baridi kikanipita shavuni. Kwenye simu, shangazi akavuta pumzi. Ndefu kidogo.

La pili. La tatu. Kila tufe nalibeba kama yai. Kufika la kumi, binti yake alikuwa analia kwa furaha. La ishirini, shangazi akaomba maji. La thelathini, akaomba mto. Nilipofungua la thelathini na tisa alivuta pumzi nzima, akatulia, akasema nikirudi nyumbani lile bomba litalala mgongoni kwangu. Nilicheka hadi ngazi ikayumba.

Ukungu ulikuwa umekwisha kotekote.

Isipokuwa kwenye moja.

La mwisho, safu ya nne, pembeni. Lilikuwa linapumua taratibu. Halikuwa na haraka. Nikaliwashia kikausha nywele.

“Mbona nasikia mashine bado?” shangazi akauliza.

“Limebaki moja, shangazi.”

Nikamsikia akihesabu.

“Mimi nilipuliza thelathini na tisa.”

Kifuniko kilikuwa tayari mkononi mwangu.

Hakikutoka kitu cha baridi. Kilikuwa cha moto. Kilinifika shavuni. Kikasimama. Kikaninusa sikioni, kama mtu anayetaka kunong'ona akaahirisha. Kisha kikaondoka.

Kwenye simu, shangazi akaanza kuvuta pumzi. Sekunde kumi. Ishirini. Binti yake akaita, “Mama?” Shangazi bado anavuta.

Daktari alisema mapafu yake ni ya msichana. Shangazi ni mzima kabisa. Anapika, anacheka, bado ananiita Profesa. Ila siku hizi anaongea huku akivuta pumzi, na maneno hayakatiki. Mle kifuani mmoja anasema, mwingine anahema. Binti yake amehamia kwa rafiki yake, na nikimuuliza kwa nini, anabadilisha mazungumzo.

Lile tufe ninalo. Nililiosha mwenyewe Alhamisi ile, lilikuwa laini kote. Jumamosi nilikuta karibu na tundu vinundu vitano, vimesukumwa kutoka ndani, vina mistari ya ngozi kama ncha za vidole. Kioo kile hakilegei bila moto wa mamia ya digrii, na tundu lenyewe halipitishi hata kidole gumba. Jumapili nilikaa nalo mchana kutwa, nikavisaga, nikapiga msasa, nikang'arisha mpaka hapakuwa na kitu.

Jumatatu asubuhi vilikuwa kumi.