Kifuniko cha Mashine ya Majani

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya baba yake. Waliompa jina hilo hawakumwonea, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Baba yake alikuwa mhandisi. Alibuni mashine za kukatia majani ya ng'ombe, na Chiriku alizipaka rangi.

Siku hiyo aliikuta mashine mpya ikiwa wazi mdomoni.

"Baba, kile kifuniko cha visu kiko wapi?"

"Nimekitoa. Wateja wananung'unika kwamba majani mabichi yanakwama."

"Na mtu akiyasukuma kwa mkono?"

"Si nimeandika hapo ubavuni, USITIE MKONO? Wewe paka rangi, mama, maswali yaache shuleni."

Mashine ile ilichukuliwa na mamdogo, mdogo wake mama, fundi cherehani aliyefuga ng'ombe wawili. Hata wiki haikuisha. Majani yalikwama, mamdogo akayasukuma kidogo tu. Visu vikamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Hospitalini baba alisimama mlangoni.

"Ingia, shemeji," mamdogo alisema kwa sauti ndogo. "Maandishi yako niliyasoma. Lakini ng'ombe walikuwa wanalia njaa, nami nina nguo za watu zinanisubiri. Mkono ukaenda wenyewe."

Baba akaangua kilio mbele ya wauguzi. Chiriku hakuwahi kumwona akilia. Alimshika shati, naye akalia.

Baba aliacha kuuza mashine hadi alipoibuni upya. Aliipa mdomo mrefu kuliko mkono wa mtu, na kifuniko ambacho kikifunguliwa tu, mashine inazimika. Kisha akaenda na Chiriku kwa kila aliyenunua ile isiyo na kifuniko, akaibadilisha bila malipo. Wapo waliomshukuru, wapo waliomnunia.

Njiani kurudi, baba alisema, "Mwanangu, anayetumia mashine atachoka, atakuwa na haraka, atasahau. Sisi tunaoibuni tunayajua hayo mapema. Kumwonya hakutoshi, ni wajibu wetu kumkinga. Nilifundishwa hivyo chuoni, nikaona heri nimfurahishe mteja."

"Mamdogo atashona tena, baba?"

Baba alimshika Chiriku mkono.

"Anajifunza kushika mkasi kwa mkono wa kushoto," alisema. "Mashine nimeitengeneza, mwanangu. Vidole vyake siwezi."