Vifungo Kumi na Kimoja

Kila nilipotoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia nyuzi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili: kimoja tulilala watu watatu, na kingine kilikuwa sebule, chumba cha kulia na karakana ya Bibi, vyote kwa pamoja. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha. Bibi, mama yake mama yangu, alishona na kurekebisha nguo za mtaa mzima, na nyuzi zake nilizikuta mkekani, chini ya meza, na mara nyingine ndani ya uji. Mama alikuwa dobi wa hospitali. Alitoka alfajiri na kurudi jioni, vidole vimekunjamana kwa maji.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilipenda usafi kupita kiasi. Bibi akanibandika jina la Bi Nadhifu. "Huyu mjukuu wangu," aliwaambia wateja, "ukikaa kimya dakika mbili atakukunja akuweke kabatini."

Kitu kimoja kilinikera kuliko vyote: vifurushi vya Bibi. Viliegemea ukuta kama mzigo wa mtu anayehama. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo alijitungia daftari lake mwenyewe. Nguo ya kila mteja aliifunga kwa utepe wa kitambaa, na kwenye utepe akatunga kifungo. Kifungo kikubwa cheusi kilikuwa cha mwalimu wetu wa hesabu. Cha kahawia kilichomeguka ukingoni kilikuwa cha mwokaji mikate. Cheupe chenye matundu manne kilikuwa cha muuguzi. Kisha aliupiga utepe mafundo: fundo moja, nguo ipunguzwe urefu; mawili, ibanwe kiunoni; matatu, ibadilishwe zipu. Kwa miaka thelathini hakuwahi kumpa mtu nguo isiyo yake.

"Njoo nikufundishe vifungo," aliniambia zaidi ya mara moja.

"Baadaye, Bibi," nilijibu. Baadaye yangu haikufika.

Muhula ule tulipewa kazi ya sayansi kwa makundi, na kila kundi likutane nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Tulianzia kwa rafiki yangu Kidoti, ambako kulikuwa na makochi, zulia na kabati la vioo. Zamu yangu ilikuwa inakuja. Niliiangalia sebule yetu nikaona aibu. Najua sasa kwamba ile aibu haikuwa na sababu, lakini wakati ule niliiamini.

Sikuwa na kitu cha kununulia chochote, basi nikaamua kupamba kwa vilivyokuwepo. Nilimwomba muuza matunda makasha mawili ya mbao yaliyovunjika, nikayapiga msasa, nikayapigilia ukutani yakawa rafu. Makopo ya maziwa niliyavika vitambaa, yakashika vijiko na kalamu. Nilifumua mifuko minne ya unga, nikaichemsha pamoja na maganda ya vitunguu hadi ikapata rangi ya asali, na Bibi akaipinda ikawa mapazia. Alishona huku akiimba. Mama aliporudi alisimama mlangoni, akauliza kama amekosea nyumba. Tulicheka sote watatu. Sijui kama tumewahi kucheka hivyo tena.

Vilibaki vifurushi tu.

Siku mbili kabla ya wenzangu kuja, Bibi alisafiri kwenda kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa. Akiwa tayari ameshika mkoba, aliniambia, "Gusa kila kitu ukitakacho, Bi Nadhifu. Vifurushi viache."

"Sawa, Bibi."

Nilivumilia siku moja. Ijumaa nilirudi kutoka shule, rafu zangu ni tupu na vifurushi vimeziba ukuta mzima. Nikavifungua vyote kumi na kimoja. Nikakunja nguo moja moja na kuzipanga rafuni kwa rangi: nyeupe juu, za buluu katikati, nyeusi chini. Tepe nikazirundika kwenye kopo. Sebule ikapendeza mno. Siku zile Mama alikuwa na zamu hadi usiku, na akirudi alipita gizani moja kwa moja chumbani, hakuona kitu.

Wenzangu walikuja Jumamosi. Kidoti alizunguka akishika mapazia, akasema, "Kwenu kuzuri kama kwenye kalenda." Nilivimba kichwa siku nzima.

Jumapili asubuhi nilikumbuka kwamba Bibi angerudi mchana. Nikamwaga kopo mkekani. Ndipo nilipogundua sijui utepe upi ni wa nguo ipi. Nilichukua nguo, nikachukua utepe, nikafunga. Nguo, utepe, nikafunga. Nilijiambia kwamba Bibi ataitambua kila nguo kwa macho. Sikuamini hata nilipojiambia.

Bibi alirudi, akayasifu mapazia, Jumatatu akaanza kazi. Alichukua suruali ya buluu yenye kifungo cha kahawia na fundo moja. Aliipima kwa mkono, akaipima tena.

"Kumbe mwokaji ana miguu mirefu hivi?" alijiuliza. Kisha akasema, "Haya, utepe ndio unaojua," akakata shibiri nzima.

Nilikuwa mezani nikifanya hesabu. Ningeweza kusema pale pale, kabla mkasi haujafunga mdomo. Niliinamisha kichwa.

Ilikuwa suruali ya mwalimu wa hesabu, mtu mrefu kama mlingoti. Alipokuja kuchukua nguo yake, aliitambua kwenye kifurushi cha mwokaji, akaijaribu, ikaishia katikati ya miguu. "Bibi," alisema akicheka, "hii umenishonea ya kuvukia mto?" Bibi hakucheka. Siku iliyofuata muuguzi alilalamika kwamba gauni lake, lililohitaji zipu tu, limebanwa kiunoni hadi hapumui. Nguo ya mwokaji ikapatikana kwenye kifurushi cha mtu mwingine. Ndani ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa na habari: fundi mzee kichwa kimeanza kuvuja. Walisema kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Bibi kuliko matusi.

Jioni moja alinikalisha karibu yake. Tepe zilikuwa mapajani mwake. Alikuwa anazigusa taratibu, moja baada ya nyingine.

"Mjukuu wangu, nilipokuwa safarini, kuna mtu aligusa vifurushi?"

Macho yake yalikuwa yanaomba. Alitaka niseme ndiyo.

"Hapana, Bibi," nilisema.

"Basi ni mimi," akasema, na akaitika kwa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua wiki tatu, na aliyeitembea ni Bibi. Aliacha kwanza kupokea nguo mpya. Kisha akawa anarudi mara tatu kuhakikisha amefunga mlango. Akaacha kwenda sokoni peke yake. Mama alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, na usiku nilimsikia akijifuta makamasi. Mwishoni Mama aliamua kwamba cherehani ichukuliwe na mama mdogo, aliyeishi mji mwingine, kabla Bibi hajajikata vidole. Mama mdogo angekuja Jumapili.

"Ni sawa," Bibi alisema. "Mpeni. Mimi nitaharibu nguo za watu bure."

Nami nilikuwa napita mbele ya mapazia yangu mazuri kila siku, nikiyachukia. Mara kumi nilifungua mdomo, mara kumi nikaufunga. Nilijionea huruma. Nilisema moyoni kwamba Mama atanichapa, Kidoti atanicheka, mwalimu atanitoa mbele ya darasa. Yote yalikuwa mambo yangu. La Bibi sikulihesabu.

Jumamosi mchana Bibi alikuwa anapika mboga. Nilimwona akichota chumvi, akaitia, akakoroga, akaonja. Akaonja tena. Kisha akaniita.

"Bi Nadhifu, nimeshatia chumvi?"

"Si umeonja, Bibi?"

"Nimeonja. Lakini siuamini ulimi wangu. Niambie wewe."

Hapo nilishindwa. Nililia kwa sauti hadi Mama akatoka chumbani anakimbia akidhani nimeungua. Nilisema yote mbele yao wawili: rafu, rangi, kopo la tepe, na ile "hapana" niliyoisema. Mboga iliungua jikoni na hakuna aliyeiondoa.

Mama aliinua mkono. Bibi akaushika.

"Usimpige," alisema. "Akipigwa atadhani amelipa." Kisha akaketi kwenye kiti cha cherehani, akanitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. "Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu nalala nikijiuliza kesho nitasahau nini. Usiku mmoja nililisahau jina la marehemu mume wangu kwa hofu tu, likanirudia asubuhi. Na wewe ulikuwa umelala ubavuni mwangu."

"Nisamehe, Bibi."

Alinigeuzia mgongo, akaanza kuipangusa cherehani.

Jumapili mama mdogo alikuja, akanywa chai, akarudi mikono mitupu. Jumatatu Mama aliomba ruhusa kazini, akanitembeza kwa wateja wote kumi na mmoja. Alibisha hodi, akarudi nyuma hatua moja, akaniacha niseme. Muuguzi alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Mwokaji alitikisa kichwa, akasema, "Na mimi nilivyomsema yule mama wa watu!" Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeona haya zaidi. Alikuwa ameisimulia suruali yake kwenye chumba cha walimu, wakashika mbavu. Jioni ile ile alikuja mwenyewe kumwomba Bibi radhi, na suruali mkononi. Bibi aliunga kile kipande alichokikata, akaficha mshono kwa ustadi hivi kwamba ilibidi uiname ili uuone.

Wateja wakarudi. Wengine waliongeza nguo ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Kila Jumamosi, badala ya kucheza, nilikaa mkekani kujifunza vifungo, na baada ya mwezi nilivijua vyote, vya zamani na vipya. Mtaa ukasahau. Mtaa husahau upesi mambo yasiyouumiza.

Siku moja nilipata ujasiri wa kumuuliza Bibi kama bado ana hasira kwa sababu nilipanga nyumba bila ruhusa yake.

Alisimamisha cherehani. "Kupanga nyumba si dhambi, mwanangu. Umetengeneza uzuri kutoka kwenye mifuko ya unga, na hilo nitalisifu mpaka kesho. Kugusa nilichokukataza ni utoto, na utoto unasameheka. Lakini uliniona naumwa, na dawa ilikuwa mdomoni mwako. Neno moja tu. Uliificha ili wewe usione uchungu wake. Mtu akikosa na kusema, anayeumia ni yeye. Akikosa na kunyamaza, anaumia asiyekosa. Likariri hilo kuliko vifungo."

"Nimelisikia, Bibi."

"Vizuri."

Alichukua gauni la muuguzi alilokuwa amemaliza kulichukulia vipimo, akalifunga kwa utepe, akatunga kifungo cheupe, akapiga mafundo mawili. Kila kitu kilikuwa sahihi. Niliona kwa macho yangu. Lakini hakukiweka kifurushi pamoja na vingine. Alikishika mapajani, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mwite mama yako aje anitazamie," alisema.

"Naweza kukutazamia mimi, Bibi. Navijua vyote."

"Najua unavijua," alisema Bibi bila ukali wowote. "Mwite mama yako."