Wito Uliozidi

Siku simu ya mtafiti ilipoanza kuita bila kupokelewa, mshonaji hakushtuka. Aliendelea kukunja pindo la gauni la bi harusi, akijua mchumba wake yuko maabara.

Walikuwa wamekutana mara ya kwanza kwenye ukumbi wa hospitali uliofurika watu. Mshonaji, ndani ya gauni la zambarau, alikuwa ameleta makoti meupe. Mtafiti alikuwa amesimama kama mtoto, mikono ya koti lake imemeza vidole. Mshonaji akampunguzia mikono hiyo palepale. Tangu hapo akamwita Baba Panya, kwa ajili ya panya aliokuwa akiwachunguza.

Mtafiti alipenda kusimulia kazi yake wakati wa kula. Virusi vikiingia ubongoni, alisema, mwili hutoa kemikali za kupeana habari, na hizo ndizo zinazowaita askari wa damu, yaani seli T, waje kupigana.

"Wito ukiwa hafifu, virusi vinatamba. Ukizidi, askari wanafurika, ubongo unavimba."

"Na wito wangu mimi je, mpenzi? Nakupigia mchana kutwa, kimya. Huko ndani uko na nani, Baba Panya?"

Alisema kwa utani, lakini wakanuniana. Mwishowe mtafiti alimfikisha kwenye mlango wa chumba cha virusi, akamwonyesha kabati ambamo kila anayeingia huacha simu yake. Mshonaji alicheka hadi akaegemea ukuta. Hapohapo mtafiti akamwomba wafunge ndoa. Alikubali, na akaahidi kwamba simu ikiita bure hatamfikiria vibaya tena.

Ahadi hiyo aliitimiza siku ile simu ilipoita bila kupokelewa. Kumbe safari hii mtafiti alikuwa kitandani kwake, homa imempanda, kichwa hakiinuki. Mama yake ndiye aliyemkuta. Hospitalini ikajulikana kuwa virusi vimeshika ubongo, vile vya mitaani, si vya maabara.

Madaktari walimpa dawa za kutuliza uvimbe. Mshonaji akakaa kwenye benchi la nje na mama mtu, hadi mtafiti mwenzake, dada mmoja mpole, alipotoka wodini akivua barakoa.

"Dada, askari wake wamekuja?"

"Wamekuja, shemeji." Akaketi kando yake. "Wamekuja wengi mno."

Alfajiri mtafiti akafariki.

Siku hizi mshonaji anaishi na mama wa marehemu. Wanalala chumba kimoja, mshonaji kwenye kitanda cha marehemu, upande wa dirishani.